Mvua na chuo vinafunguliwa pamoja

Dagaa wa kwanza waliotoka kwenye lile boksi walikuwa wameiva. Sio wamekauka, wameiva, yaani wa kula na ugali hapohapo, matumbo yamepasuka na mafuta yanachuruzika kwenye wavu. Mama mmoja wa pale Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa Kigoma, ambaye alikuwa anakausha dagaa tangu mi navaa kaptula, akachukua mmoja akamtia mdomoni akatafuna taratibu alafu akamgeukia mpwa wangu. "Mwanangu injinia, hawa umewapika." Wamama wote wakacheka, na mi nikacheka, na mwenyewe akacheka ingawa ile sura naijua tangu mdogo, ilikuwa inatafuta pa kujificha.

Hiyo ni Agosti 2024, siku chache baada ya ziwa kufunguliwa. Mtakumbuka mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapumzike wazaliane, na sisi tunaoishi kwa huo mwalo tukapumzika nao kwa lazima (mi nauza spea za injini za boti, kwahiyo boti zikilala na duka langu linalala). Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja likizo mwezi wa saba, anasoma uhandisi wa mitambo Dar, wakati huo ndo kamaliza mwaka wa pili. Akatengeneza boksi lake la kukaushia kwa jua na fundi seremala wa Gungu, zuri kweli, limepakwa rangi nyeusi ndani, juu naironi angavu, na kifeni cha kompyuta kinachozungushwa na kisola kidogo. Boksi likakaa linamsubiri dagaa ambaye yuko likizo ya uzazi kisheria, mpaka ziwa linafunguliwa zimebaki wiki chache arudi chuo.

Sasa kila anayesikia habari zake anamuuliza swali moja. Anasoma, anajitolea kufundisha mabinti wa sekondari kila akiwa nyumbani, na bado anabuni vitu, unabalansije? Nimelisikia msibani, nimelisikia kwenye harusi, na nimelisikia kwa watu wenye vipaza sauti. Na mi naona hilo swali lina kasoro, tena kubwa, ndo maana nimekaa niandike.

Ukisema kubalansi unachukulia kwamba hivi ni vitu vitatu tofauti, na yeye ana mikono miwili, na kazi yake ni kuwa mjanja visianguke. Wahenga walishalimaliza hilo, mshika mawili moja humponyoka, na huyu kashika matatu. Lakini angalia wavuvi wetu wanavyotoka jioni. Mitumbwi miwili imefungwa kwa miti ikaacha nafasi, taa zinaning'inia juu ya maji, wavu unashushwa katikati. Hakuna anayewauliza wale jamaa mnabalansije mitumbwi miwili, imefungwa! Mtumbwi mmoja peke yake na wavu ule ungepinduka mapema sana. Swali la kumuuliza mpwa wangu na wenzake ni kwamba masomo yako na kujitolea kwako na ubunifu wako vimefungwa pamoja na nini, na kama havijafungwa, nani kavifungua?

Turudi kwenye boksi maana ndo lilinifundisha. Baada ya aibu ya dagaa wa kuiva akapunguza joto, ndani lilikuwa linafika nyuzi 60 na zaidi, na samaki kwenye joto hilo akiwa bado ana maji mengi hakauki, anapikika. Robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, yaani unahangaika na kilo tatu au nne ili upate kilo moja ya kuuza, kwahiyo kazi ya mashine sio kuwasha moto, ni kutoa mvuke nje. Akashusha joto, ikaja shida nyingine, asubuhi tunafungua tunakuta naironi kwa ndani imejaa matone na matone yanadondokea dagaa walewale. Unakausha huku unanyeshea. Akahangaika na kifeni, akakigeuza, akaongeza cha pili, wapi.

Aliyetatua ni binti wa kidato cha pili. Jumamosi mpwa wangu alikuwa anaenda kufundisha kwenye shule moja ya kata, kwenye maabara ya fizikia. Mnazikumbuka zile maabara tatu kila sekondari ya kata zama za Kikwete, tulichangishwa mpaka kuku. Ile ilikuwepo lakini nusu yake ilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika miguu, wakaitoa vumbi. Akapeleka boksi pale kuwaonyesha hewa ya moto inavyosafiri, akachoma na udi ili waone moshi unavyotembea. Wakauona moshi unapanda mpaka juu kwenye naironi, unagonga, unazunguka, unarudi. Kabinti kakanyoosha mkono, "Dada, kama hewa ya moto inapanda, mbona tundu la kutokea mmeliweka pembeni huku chini?"

Aliponihadithia jioni alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti. Mhandisi wa mwaka wa pili, na thamodainamiki yake ya joto na mvuke, kasahihishwa na mtoto wa kidato cha pili kwa moshi wa udi! Kesho yake akaziba tundu la pembeni, akaweka bomba juu, refu, jeusi, matone yakaisha. Sasa hapo niambie, ile Jumamosi ilikuwa kujitolea, ilikuwa masomo au ilikuwa ubunifu? Ukimuuliza aliibalansije atakwambia hakubalansi chochote, alienda kufundisha akafundishwa.

Ila hata lilipofanya kazi, boksi halikuwa na maana. Hapa ndo nataka vijana wanaobuni wasome mara mbili. Lile boksi linabeba ndoo mbili, na yule mama usiku wa giza ukiwa mzuri ananunua ndoo kumi na tano. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki kwa sababu taa zao hazina kazi, kwahiyo dagaa wanakuja kwa mafuriko, siku hakuna na siku wapo mpaka unaomba vyombo kwa jirani. Angehitaji maboksi nane, ayaweke wapi, ayanunue na nini? Na kiangazi halihitaji kabisa, jua la Kigoma la mwezi wa nane ni la bure na linakausha siku moja. Mama akamwambia kwa upole, "Mimi chanja za kuanikia ninazo mwanangu, na jua ninalo. Kinachoniua ni mvua."

Kinachowaua ni mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, unaanika saa mbili asubuhi, saa sita dagaa wako nusu, wingu limeshaziba milima ya Congo, na una dakika chache kukimbia na maturubai. Ukiwafunika na turubai gumu wanatoka jasho, mvua ikiendelea mpaka jioni wameanza kunuka, kesho yake unawauza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wale waliokuwa wa kwenda Dar, Lubumbashi na Zambia, ambao jina lao wenyewe tu linauza, dagaa wa Kigoma, wanaishia kwenye gunia la pumba.

Basi akaacha boksi. Nilimuonea huruma kwa sababu alitumia bumu lake, ile hela ya mkopo ya chakula, kununua ile naironi, lakini akaacha, na huo uamuzi nauheshimu kuliko boksi lenyewe. Akachukua naironi akaijengea paa juu ya chanja, fito zimepindwa kama upinde, kamba na kapi mbili pembeni kama pazia la dirisha, pembeni kote wazi hewa ipite. Mvua ikija watu wawili wanavuta, dakika moja haijaisha chanja nzima imefunikwa na dagaa bado wanapumua. Jua likirudi unavuta kinyume. Hakuna feni, hakuna sola, hakuna waya.

Mwaka uliofuata akaenda kuionyesha kwenye mashindano fulani ya vijana wabunifu. Jaji mmoja akamuuliza, teknolojia iko wapi hapa? Mi nilikuwepo, nilikaa nyuma nimevaa shati langu la Idi. Mshindi alikuwa na kitu chenye taa, sensa na apu ya kwenye simu, ukikaa nyumbani unaona joto la shamba lako limefika ngapi. Sina ubaya na yule kijana, amesumbuka naye. Ila unajiuliza, mama wa Kibirizi aliyesimama pembeni ya dagaa wake anahitaji simu imwambie mvua inanyesha?

Kuna meli ya ziwa letu mnaijua wote, Liemba. Ilijengwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwavunjwa ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa meli na reli mpaka hapa Kigoma ikaungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa vita wakaizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka injini grisi, nene, kila mahali, ili kutu isiile. Ikakaa chini ya maji mpaka ikanyanyuliwa mwaka 1924, na 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba, ikabeba babu zetu na mama zetu na magunia ya dagaa kwa miongo na miongo. Grisi! Yule jaji angekuwepo 1916 angemuuliza fundi wa Kijerumani teknolojia iko wapi hapa, hiyo si grisi tu?

Haya, sasa ubaya wa mambo. Wiki ya mashindano iliangukia karibu na mitihani, na akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Moja ilikuwa ya thamodainamiki, somo la joto na mvuke, somo ambalo kalisoma kwa mikono pale mwaloni, kwa aibu na kwa moshi wa udi. Mtihani haukuuliza dagaa. Dada yangu, mama yake, akawa mkali kama pilipili, akasema usije ukadisko, ukafukuzwa chuo kwa kufeli, kwa ajili ya naironi, na mi nilitaka kumtetea mtoto nikashindwa kwa sababu mama yake alikuwa sahihi. Akidisko mkopo unakatika, na deni la Bodi ya Mikopo halijui kama ulikuwa unasaidia wamama. Akasimamisha kila kitu miezi miwili akabukua, akazifuta zote mbili.

Ndo nasema kuna mambo mengine hata ukiyafunga kwa miti yanafunguka. Kubwa ni kalenda. Hili wale wenye vipaza sauti hawalizungumzii na mi naona ndo kiini: mvua inaanza Novemba, na chuo kinafunguliwa Oktoba kuelekea Novemba. Yaani siku zile tatizo lake linapowasili Kibirizi, yeye anapanda treni kwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Akirudi mwezi wa saba ni kiangazi, jua kali, hakuna cha kujaribu. Daktari anaingia wodini mgonjwa akishapona. Msimu wa kwanza chanja ilichanwa na upepo wa Desemba, yeye yuko kwenye tesiti, tunamtumia picha na yeye anauliza upepo ulitoka upande gani, nani anakumbuka?

Kilichomwokoa ni mwalimu wake, na hapa nawapa chuo haki yao. Alipofika mwaka wa nne akaomba ile chanja iwe ndo projekti yake ya kumalizia. Mwalimu akakubali ila akamwambia sitaki hadithi, nataka namba, uzito kila saa, chanja yenye paa na isiyo na paa, siku ileile. Akamtumia yule mama wa Kibirizi mizani ya jikoni kwa basi. Sasa mama anapima sinia moja la huku na moja la kule, anapiga picha mizani, anatuma WhatsApp, na saa ingine kidole chake kimeziba namba na inabidi aombwe tena. Kwa mara ya kwanza vitu vyote vimekaa kwenye mtumbwi mmoja, marks, mvua na mama, na amelala usingizi. Nimeona tofauti kwa macho, kanenepa kidogo.

Sasa neno kujitolea. Kwa Kiswahili chetu cha siku hizi lina maana mbili na tunazichanganya makusudi. Kuna ile ya Jumamosi, anayetoa ndo anayeamua. Alafu kuna ile ya ofisini. Alifanya fildi, yale mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi moja hapa mjini, wiki zake nane zikaisha, wakamwambia endelea kujitolea kidogo tukuone. Wenzake wa kiume wakawa wanachukuliwa kwenda saiti, yeye kwa sababu "ana mwandiko mzuri" akawa anaandikisha wageni na kuchemsha chai. Likizo yote. Hiyo sio kujitolea, hiyo ni kazi isiyolipwa imevalishwa kanga ya wema, na kijana anaogopa kusema hapana kwa sababu kesho anahitaji mtu wa kumsainia. Tena kwa mhandisi hiyo kesho ni ndefu, ukimaliza miaka minne ya chuo bado kuna karibu miaka mitatu ya mafunzo chini ya mhandisi mzoefu ndo Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikutambue kamili. (Kwahiyo sote tunaomuita injinia pale mwaloni tunavunja sheria ya wahandisi ya 1997, tusameheane.) Norway iliwahi kufadhili wahandisi wahitimu wa kike wapite hiyo hatua, na ilionekana ni jambo kubwa kwa sababu hapo ndo wengi wanaporomoka, sio darasani. Asiyekuwa na baba wa kumtumia nauli na kodi ya chumba anajitolea miezi sita alafu anafungua duka la vocha.

Na kaka yake, anasoma ualimu, sijawahi kusikia mtu anamuuliza anabalansije. Nilidhani mi ni tofauti na hao watu. Mwaka jana likizo mama yetu aliumwa, bibi yake huyo, ikatakiwa mtu wa kulala naye hospitali. Nikampigia simu binti. Sikufikiri hata sekunde. Siku tano kalala chini kwenye mkeka, mchana anakimbia Kibirizi kufunga kapi, jioni anarudi na chupa ya uji, na kaka yake yupo nyumbani anacheza pool hapo Mwanga, mi mwenyewe nilimpita nikamsalimia. Siku ya nne ndo nikamuuliza mpwa wangu, umechoka? Akaniambia, "Mjomba, usijali, nimezoea." Ilinichoma hiyo, bora angenitukana.

Kwahiyo mkiniuliza nini kifanyike mi sina orodha. Chuo kikiweza kumruhusu mwanafunzi wa uhandisi afanye fildi yake wakati tatizo lipo na sio wakati kalenda ipo wazi, nusu ya hizi mbio zinaisha, mkulima na mvuvi hawaishi kwa semista. Wanaoandaa mashindano waweke jaji mmoja mwenye harufu ya dagaa kwenye kanga. Ofisi zikisema kujitolea ziseme na nauli. Na sisi wajomba tujue namba za simu za wapwa zetu wa kiume.

Mvua imeanza wiki hii. Juzi mama wa Kibirizi ametuma voisi, mpwa wangu akaniforwadia. Ya sekunde arobaini. Sekunde thelathini za mwanzo husikii mtu anaongea na wewe, unasikia mvua inapiga kwenye naironi kwa nguvu, na wamama wanapiga kelele "vuta! vuta huko! vuta!", alafu kicheko, alafu mvua tu. Mwishoni mama anasogeza simu mdomoni anahema, "Mwanangu, wako salama. Ila kamba ya huku upande wa ziwa imekatika, ukija Krismasi lete nyingine, ile nene."